Uzi Usio na Mizizi

Ujumbe wenyewe ulikuwa mfupi, na Nelima aliusoma huku mkono wa kushoto umeshika mpira wa maji, miche ya parachichi ikinyweshwa mpaka udongo ukaanza kumwagika. "Wapendwa, habari za asubuhi. Uchunguzi umeonyesha kwamba gugu lililopatikana Murera lilitoka kwa miche ya Mama Miche wa Kamakis. Tafadhali msinunue huko hadi tutoe taarifa nyingine. Kinyanjui, Mratibu." Chini yake, kama kawaida ya kundi hilo la WhatsApp, watu walikuwa wameshaanza. Amina. Amina. Asante mratibu, ubarikiwe.

Uchunguzi! Uchunguzi gani? Huyo Kinyanjui hajawahi kukanyaga kitaluni kwake hata siku moja, hata kwa kuuliza bei. Nelima alifunga maji, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akausoma tena polepole, akitumaini kwamba amekosea. Hakuwa amekosea. Mama Miche wa Kamakis ni yeye. Hakuna mwingine.

Alikuwa ameuza miche kando ya barabara ya Kamakis tangu kabla haijatiwa lami, kabla ya moshi wa nyama choma na magorofa ya kupangisha. Hakuwa na bango. Hakuwa na risiti za kuchapwa. Alichokuwa nacho ni jina: mtu akijenga Juja au Murera au Ruiru, majirani humwambia aende kwa Mama Miche, yule mama wa kutoka Bungoma, miti yake hushika na haina magonjwa. Jina hilo ndilo lililosomesha watoto wake watatu. Na sasa mtu mmoja mwenye simu alikuwa amelipaka matope kabla ya saa mbili asubuhi.

Saa sita haikufika. Bwana mmoja aliyekuwa ameagiza miche mia sita ya kayaba ya kuzungushia ploti yake alipiga simu. "Mama Miche, hiyo order wacha tungoje kidogo." Tungoje nini? Kayaba iko tayari, mizizi inapasua karatasi. Kesho yake Nelima alisikia kwamba bwana huyo amenunua kwa mwingine, mbele kidogo ya barabara, bila hata kukagua. Damu ilimchemka mpaka masikio yakawa moto.

Mambo yalikuwa yameanza miezi minne nyuma, katika ukumbi wa kanisa fulani mjini Thika, upande wa Chania. Shirika dogo liitwalo Jicho Mapema lilikuwa limewaita watu ishirini na sita wa kujitolea, kutoka Thika mpaka Ruiru, wafundishwe kutambua mimea vamizi ingali michache na kuripoti kabla haijatapakaa. Nelima aliitwa kwa kuwa anajua mimea. Shosho Waithira, bibi mzee wa Murera, aliitwa kwa kuwa ni mwenyekiti wa akina mama kanisani kwake, na neno lake hufika kila jikoni. Walijuana zamani, ua wa kayaba wa Waithira ulitoka kwa Nelima miaka kumi na mitano iliyopita. Walikaa kiti kwa kiti siku zote tatu, wakigawana maandazi ya saa nne.

Siku ya tatu Kinyanjui, mratibu, alikuja na gunia. Alikuwa mtu wa koti jipya la reflekta na sauti ya kutangaza harusi. Alilimwaga gunia mezani: nyuzi za manjano, laini, zimesokotana kama tambi. Akaeleza kwamba mmea huu hauna majani wala mizizi ardhini. Hujizungusha kwenye ua au mti, ukaunyonya mpaka ukakauka. Ukiuona, piga picha, andika mahali, tuma kwenye kundi, mratibu atakuja. Mpaka hapo alisema kweli tupu, na Nelima aliyaandika yote katika daftari lake.

Kisha akafanya ujinga wake. Alitoa vimfuko vya wavu, vile vya kuuzia vitunguu saumu, vimebandikwa nembo ya shirika, akamjazia kila mtu konzi ya nyuzi. "Hizi mtaenda nazo nyumbani, muonyeshe majirani. Picha haitoshi. Mtu ashike."

Mzee mmoja aliuliza kama hazitaota.

"Mzee wangu, zitaota na nini?" Kinyanjui alicheka kwenye maiki. "Imeng'olewa, haina mizizi. Kitu bila mizizi ni kuni tu!"

Ukumbi mzima ulicheka naye, na hawakuwa wajinga. Walikuwa wakulima na watoto wa wakulima. Tangu wakiwa wadogo wamepalilia, wamelitupa gugu juani mizizi ikiwa juu, na jioni wamelikuta limekufa. Walijua hilo kama wanavyojua majina yao. Lakini Nelima hakucheka. Yeye anaishi kwa kuuza vijiti visivyo na mizizi. Hukata tawi la bogenvilia, akalichomeka, likashika. Na kitu ambacho tangu kizaliwe hakijawahi kuwa na mizizi, kitauawa vipi kwa kukosa mizizi? Mkono wake ulipanda nusu. Mbele walikuwepo wageni wawili wa Nairobi na kamera yao, Kinyanjui alikuwa na maiki, na yeye Nelima aliachia shule darasa la saba. Mkono ukageuka ukaenda kurekebisha kitambaa cha kichwa. Jioni hiyo alikitia kimfuko chake ndani ya jiko, wavu na yote, akakoroga ugali juu yake.

Miezi mitatu baadaye alikuwa anampelekea Waithira miche ya parachichi alipoliona langoni: doa la manjano juu ya kayaba, ukubwa wa leso ya mkononi. Alifanya kama alivyofundishwa. Alipiga picha, akaandika: "Uzi wa manjano. Murera, kwa Shosho Waithira. Umeanza tu. Ukikatwa leo utaisha." Akatuma. Majibu thelathini na moja yaliingia. Kulikuwa na wimbo wa kumsifu Mungu, tangazo la mazishi, na mmoja akaandika, "Maua mazuri sana, hongera shosho." Kinyanjui aliandika "Noted" na kutoweka wiki mbili. Doa la leso likawa la blanketi.

Alipokuja hatimaye, Jumatatu, alikuja na futi ya kupimia na mpiga picha. Akaona miche mipya ya parachichi karibu na lango, ndani ya karatasi nyeusi za Nelima, na uchunguzi wake ukaishia hapo. Jumanne akatuma ule ujumbe. Kinyanjui kusema upuuzi, hilo Nelima angeweza kulimeza. Kilichomkwaruza ni kwamba Waithira alikuwa ameusoma, alama zinaonyesha amesoma, na hakusema neno.

Alimwendea siku hiyo hiyo mchana, bila kupiga simu.

"Karibu chai, Mama Miche," Waithira alisema mlangoni, macho yakikimbia.

"Sitaki chai, Shosho. Wewe unajua miche yangu ni safi. Mbona umenyamaza kwa group?"

"Ngai, utanikula? Mimi sijui hiyo kitu ilitoka wapi. Iliota tu."

"Iliota tu."

"Eeh. Kama vile vitu huota."

Nelima aligeuka akaenda langoni. Aliokota fimbo, akaitia kati ya nyuzi mahali zilipokuwa nene zaidi, akazipasua huku miiba ya kayaba ikimchana mkono. Hakutafuta sana. Ndani kabisa, umefungwa kwa fundo zuri la mtu mwangalifu, ulikuwepo mfuko wa wavu wenye nembo. Nyuzi zilikuwa zimetokea katika kila tundu lake. Aliuacha pale pale, akamwita mwenyewe aje aone.

"Na huu nao uliota tu?"

Waithira aliukunja upindo wa aproni yake, akaukunjua, akaukunja tena. "Alisema haina mizizi," alisema. "Nikaitundika hapo ndio wamama wa kanisa waione wakipita. Si tuliambiwa tuwafunze? Sikuwa na nia mbaya."

"Najua hukuwa na nia mbaya. Lakini jana alisimama hapa na futi yake akasema ni mimi. Ulikuwa umesimama naye. Mbona hukumwambia?"

"Ningemwambia nini? Mimi ndiye ninafunza wengine. Nikisema nilijiletea mwenyewe, nitasimama aje mbele ya wale wamama? Na ua wote atasema ukatwe. Ng'ombe za watu zitalala kwa mahindi yangu."

"Kwa hivyo afadhali nikatwe mimi."

Nelima aliondoka bila kuaga, jambo ambalo hakuwa amewahi kumfanyia mtu wa umri ule, na njia nzima alikuwa akizungumza peke yake.

Alifunga kitalu siku mbili, akachukua daftari, akaanza kuwazungukia wale watu wa kujitolea mmoja mmoja. Muli, fundi wa viatu wa Makongeni, alikuwa ametundika mfuko wake kwenye bogenvilia ya mwenye nyumba. Sasa bogenvilia ilikuwa ya manjano mpaka ghorofa ya kwanza. Tabby mwenye saluni pale Kamakis aliuona unapendeza akaufanya pambo mlangoni, alipochoka nao akautupa kichakani nyuma, na kichaka kikafunikwa. Obiero aliutumbukiza chooni, na kwake hapakuwa na kitu. Nyumba kumi na moja aliingia. Saba walikuwa wameuweka nje, na zote saba zilikuwa zimeshikwa. Katika hao saba, ni Waithira peke yake aliyewahi kununua mche kwa Nelima. Nyuma ya ukumbi wa kanisa kule Thika, mahali Kinyanjui alipokung'utia gunia lake, ua ulikuwa umevaa manjano kutoka pembe hadi pembe. Nelima alisimama pale akatukana kwa Kibukusu, maneno yasiyofaa kusemwa kwenye uwanja wa kanisa.

Kilichomuudhi kuliko nyuzi ni wale watu. Kila mmoja alimkaribisha vizuri, akamwonyesha, akakubali, kisha akashusha sauti. Mama Miche, usinitaje. Landlord atanifukuza. Mama Miche, hiyo ni yako na Kinyanjui, mimi usiniweke. Wote walijua kwamba ametupiwa lawama isiyo yake, na wote walikuwa tayari kumwacha aibebe. Woga mtupu, alijiambia. Watu wazima wenye ndevu na wajukuu, wanafyata mkia mbele ya mtu mwenye reflekta.

Jumamosi ilikuwa siku ya vyeti. Ukumbi ni ule ule, viti vimevishwa vitambaa vyeupe, wageni wa Nairobi wamekaa mbele na chupa zao za maji. Kinyanjui alisimama na maiki yake. Alisema mradi umefaulu. Alisema gugu moja limegunduliwa mapema huko Murera na chanzo chake kimetambuliwa.

"Chanzo ni gani?" Nelima aliuliza kutoka safu ya nne.

"Mama Miche, tutaongea baadaye. Programu imejaa."

"Tutaongea sasa. Ulinitaja mbele ya watu, utanijibu mbele ya watu." Alikuwa ameshafika mbele, hata hakukumbuka kutembea. Aliwageukia wenzake. "Wangapi hapa walitundika ile mifuko nje? Inueni mikono."

Hakuna mkono. Muli alikuwa anaangalia viatu vyake. Tabby alikuwa ameingia ndani ya simu.

"Nimekuja kwenu! Nimeona na haya macho. Mlinionyesha wenyewe!"

Feni ilizunguka. Mgeni mmoja alimnong'oneza mwenzake. Kinyanjui alitabasamu, tabasamu la mchungaji anayemhurumia mlevi. "Wageni wetu, mama ana uchungu wa biashara. Ni kawaida. Sisi kama familia tumsamehe."

Tumsamehe! Nelima aliona giza. Kama angekuwa na kitu mkononi angekirusha, na baadaye alikiri kwamba aliangalia zile chupa za maji.

Ndipo kiti kilipolia nyuma. Shosho Waithira alikuwa anainuka, polepole, ameshika bega la aliyekaa mbele yake. Ukumbi ulimgeukia, maana akisimama yule watu hunyamaza hata kama hawamjui.

"Mimi nilitundika," alisema. "Miche ya huyu mama haina kitu. Huo uzi ulitoka kwa gunia yako, Kinyanjui, ukanipatia kwa mkono, nikaufunga kwa ua wangu na huu mkono. Na ulipokuja ukasema ni yeye, nilikuwa hapo, na nikanyamaza. Hiyo ni yangu."

Muli aliinua mkono. Kisha mwingine dirishani. Kisha mwingine. Nelima alihesabu mitano, na kwa mara ya kwanza tangu Jumanne aliweza kuvuta pumzi mpaka chini. Jina lake lilikuwa limerudi. Kama Waithira angeketi hapo, siku hiyo ingeisha vizuri.

Hakuketi. "Lakini niko na swali kwake. Mama Miche, yako uliweka wapi?"

"Yangu?"

"Mfuko wako. Kwako hakuna uzi. Uliweka wapi?"

"Niliuchoma."

"Lini?"

"Jioni ile ile."

"Kwa nini?"

Angeweza kusema kwamba hapendi takataka ndani ya nyumba. Neno hilo lilikuwa tayari ulimini. Lakini Waithira alikuwa amesimama pale amejianika mbele ya watu wote kwa ajili yake, na uongo ulikataa kutoka.

"Kwa sababu nilijua utaota," Nelima alisema.

Mnung'uniko ulipita ukumbini. Waithira alitikisa kichwa mara kadhaa, kama mtu anayesikia bei ya kitu ambacho tayari amekinunua. "Ulijua," alisema. "Na tulikuwa tumekaa kiti kwa kiti. Ulinigawia andazi. Ukashindwa kunigawia hilo neno moja?"

"Kumbe alijua!" Kinyanjui aliruka, uso ukimetameta kwa nafuu. "Wageni wetu, mmesikia? Huyu alijua na akaficha! Sasa mnaona ni nani..."

"Wewe nyamaza!" Waithira alimkemea mpaka maiki yenyewe ikapiga kelele. "Yeye alijua akakosa maiki. Wewe hukujua kitu, na ukaishika!"

Watu wengine walicheka. Nelima hakuweza kucheka. Siku nne nzima alikuwa amewalaani watu kwa kunyamaza, akawaita waoga mmoja mmoja moyoni kutoka Makongeni mpaka Kamakis, na ukimya wenyewe yeye ndiye aliyeuanza. Aliogopa wageni wawili na kamera. Aliogopa kuchekwa na mtu ambaye hajui tofauti ya kayaba na mchongoma. Aibu ilimpanda shingoni, na hasira haikuondoka kuipisha. Zilikaa mle ndani pamoja.

Alinyoosha mkono akaichukua maiki kutoka kwa Kinyanjui. Hakuinyakua, mtu yule aliachia tu.

"Hauna mizizi kwa sababu hauhitaji mizizi," alisema, na sauti yake ikamshtua kwa ukubwa. "Kipande kama kidole kikigusa tawi kinaanza upya. Hii ningesema siku ile. Sikusema, na nimekosa. Sasa sikieni. Usiutoe na mkono ukaacha ua. Kata ua wenyewe, chini ya mahali uzi umefika, mpaka pale kuna mti safi. Choma hapo hapo. Usiburute barabarani, usimpe mbuzi wa jirani. Baada ya wiki mbili rudi uangalie tena. Mwenye hana panga aje kwangu."

Kinyanjui aliomba maiki mara mbili. Alipewa Nelima alipomaliza. Vyeti viligawiwa hata hivyo, na watu wakapanga foleni, wakapigwa picha wakiwa wameshikilia makaratasi, Tabby akiwa wa kwanza. Ule ujumbe wa Jumanne Kinyanjui hakuufuta. Alisema atashauriana na ofisi.

Asubuhi ya Jumatatu walikuwa watano langoni kwa Waithira, Muli akiwa mmoja wao, na mapanga yao. Kayaba ya miaka kumi na mitano si kitu cha kukatwa kwa mzaha. Iliwachana mikono na shingo, na kila tawi lililoanguka liliacha tundu ambalo barabara iliingilia. Kufikia saa tano ua wa upande wa mbele ulikuwa umelala chini. Mpita njia angeweza kuona kamba ya nguo, kuku, jiko la kuni, hata kitanda cha Waithira kupitia mlango ulio wazi. Akina mama wawili wa kanisa walipita, wakaangalia, wakasalimia kwa adabu nyingi kupita kiasi.

Moto uliwashwa pale pale. Matawi mabichi yalitoa moshi wa kuuma macho, nyuzi za manjano zikijikunja na kuwa nyeusi. Wengine walikwenda kunywa maji. Nelima alibaki na tawi moja nene, zito, akijaribu kulisukuma motoni peke yake kwa mti wenye panda, na halikwenda.

Waithira alisimama ng'ambo akimwangalia. Tangu asubuhi hawakuwa wamesemezana zaidi ya "pita huku" na "angalia mwiba".

"Bado uko na hasira na mimi?" Waithira aliuliza.

"Sana," Nelima alisema. "Ile siku ya futi, Shosho. Sana."

"Hata mimi niko nayo. Yako."

"Najua."

Waithira alifunga leso yake kiunoni, akatafuta mti mwingine wenye panda, akauingiza chini ya upande wa pili wa tawi.

"Basi inua," alisema.